Je, mawimbi ya ultrasaundi yanaweza kutibu figo za mama?

*"Daktari, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari na presha, na anatumia metformini, lisinoprili na kidonge cha kukojoza. Mwezi uliopita magoti yalimsumbua akawa anameza diklofenaki kila siku, halafu akaharisha na kutapika kwa siku tatu. Tulipompeleka hospitali kreatinini ilikuwa 2.3, wakati wiki chache nyuma kliniki ilikuwa 1.0. Alilazwa, akawekewa dripu, dawa za maumivu zikasimamishwa, na wiki moja baadaye ikashuka hadi 1.7. Ripoti ya picha ya ultrasaundi ilisema figo zina sentimita 10.4 na 10.6, gamba la figo linang'aa kidogo kuliko kawaida, hakuna mawe na figo hazijajaa maji. Sasa kuna mtu mwenye mashine ya ultrasaundi ya kutibia viungo. Anasema wanasayansi wamegundua kuwa mawimbi hayo yanaondoa mchochota kwenye figo bila dawa wala kisu, na anataka kumpa mama vipindi kumi mgongoni. Mama amefurahi, anasema hata ile ultrasaundi ya hospitali ilimpa nafuu. Je, ni kweli? Na tukianza, tunaweza kusubiri kidogo kurudia vipimo vya damu?"*

Pole kwa kuuguza. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisilovumilia kuwekwa kiporo: vipimo vya damu visiahirishwe, iwe mmeanza vipindi hivyo au hamjaanza. Kuhusu mawimbi yenyewe, aliyewaambia hakuokota habari hiyo jalalani. Utafiti upo, umefanywa na watu makini, na mimi mwenyewe naufuatilia kwa hamu. Ila kilichofanyika maabara na hicho anachotaka kumfanyia mama mgongoni ni mambo mawili mbalimbali. Hata kiungo kinacholengwa si kilekile, kama utakavyoona.

Kwanza tuelewane kilichompata mama. Kila figo ina takribani vichujio milioni moja, na kila kichujio ni fundo dogo la mishipa lenye mshipa mmoja wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Damu huchujika kwa sababu ya shinikizo lililopo ndani ya fundo hilo. Mshipa wa kuingiza ukibana, shinikizo hushuka. Wa kutoa ukilegea, hushuka vilevile. Mtu anapoharisha na kutapika maji mwilini hupungua, na figo hujitetea kwa namna mbili: hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini ili mlango wa kuingilia ubaki wazi, na homoni ya anjiotensini huubana mlango wa kutokea. Diklofenaki huzuia prostaglandini. Lisinoprili huzuia anjiotensini. Kidonge cha kukojoza nacho kinaendelea kutoa maji ambayo tayari ni haba. Lisinoprili na kidonge cha kukojoza ni dawa nzuri kwa mwenye presha, na sina ugomvi nazo. Diklofenaki ya kila siku kwa mwenye kisukari ndiyo ningeipinga tangu mwanzo. Zilipokutana zote tatu na tumbo la kuharisha, figo zilinyang'anywa ulinzi wote kwa mkupuo. Kreatinini ni taka ya mwilini ambayo figo huichuja, na hupanda kwenye damu figo zinaposhindwa; kutoka 1.0 hadi 2.3 ni zaidi ya mara mbili, na kwa vigezo vya kimataifa hilo ni jeraha la ghafla la figo, hatua ya pili kati ya tatu.

Mchochota, yaani kuwaka na kuvimba kwa sehemu ya mwili inapojibu jeraha, unaingiaje hapo? Seli zilizotanda ndani ya mirija midogo ya figo zinakula oksijeni nyingi. Damu ikipungua, baadhi hufa na kubanduka. Seli zinazokufa hutoa kemikali za kuomba msaada, na seli nyeupe za damu huitikia. Zinasafisha mabaki, lakini wakati huohuo zinamwaga kemikali kali, mojawapo ikiitwa TNF, ambazo huumiza hata seli jirani zilizokuwa zimenusurika. Ndiyo maana figo inaweza kuendelea kuumia hata baada ya damu kurudi. Mambo yakienda vizuri, seli zilizobaki hugawanyika na kuziba mapengo, na mchochota huzima wenyewe. Ukikawia kuzima, huacha makovu, na kovu la figo halichuji kitu. Kwa hiyo wazo la kutafuta njia ya kutuliza mchochota huo ni wazo la maana kabisa, hasa ukizingatia kwamba mpaka leo hatuna dawa iliyothibitishwa ya kutibu jeraha la ghafla la figo lenyewe. Tunachofanya ni kuondoa kilicholisababisha, kurudisha maji na shinikizo la damu, na kuilinda figo ijitibu.

Sasa twende kwenye ultrasaundi. Ni sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la mwanadamu halinasi. Ile ya kupigia picha figo huwa na mitetemo kama milioni mbili hadi tano kwa sekunde, na mashine hutuma mapigo mafupi mno, kisha hunyamaza ikisikiliza mwangwi. Ya kutibia viungo hutuma sauti mfululizo au kwa mapigo marefu, mara nyingi kwa nusu wati hadi wati mbili kwa kila sentimita ya mraba, na shabaha yake kubwa ni kupasha misuli na kano joto. Kuna nyingine inayokusanya sauti yote kwenye nukta moja hadi inaunguza uvimbe wa saratani. Zote zinaitwa ultrasaundi, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganywa. Wengine huingiza na ile tiba ya kuvunja mawe ya figo, iliyofanywa kwa mgonjwa wa kwanza huko Munich mwaka 1980. Ile hutumia mawimbi ya mshtuko kupasua jiwe, haitibu mchochota, na yenyewe inaweza kuiachia figo mchubuko.

Nafuu aliyoipata mama hospitalini siilaumu wala siipingi, alikuwa na kila sababu ya kujisikia vizuri. Ila iliyomletea ni dripu na kuondolewa kwa diklofenaki. Ile picha ilichukua dakika chache tu na kazi yake ilikuwa kuangalia.

Utafiti anaoutaja huyo mwenye mashine, nadhani, ni wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani. Mwaka 2013 kundi la Mark Okusa, akiwamo Joseph Gigliotti, lilichapisha matokeo ya panya waliopigwa mawimbi ya ultrasaundi, kisha siku iliyofuata mishipa ya damu ya figo zao ikabanwa kwa muda na kuachiwa. Figo za panya hao ziliumia kidogo kuliko za wenzao ambao hawakupata mawimbi. Mpaka hapo ungeweza kudhani sauti imeiimarisha figo. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walichukua panya wengine, wakawaondoa bandama, ambayo wengine huiita wengu, wakawapiga mawimbi yaleyale, wakabana mishipa ileile. Kinga yote ikatoweka.

Jaribio hilo dogo ndilo ninalotaka ulishike. Kama sauti ingekuwa inatibu figo moja kwa moja, kukosa bandama kusingebadilisha kitu. Mambo yanakwenda hivi: bandama ni ghala la seli za kinga, na imeunganishwa na ubongo kwa neva. Tangu mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey huko New York limekuwa likionyesha kwamba neva ndefu iitwayo vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, inaweza kuzituliza seli za kinga. Ujumbe ukifika kwenye bandama, neva zake humwaga noradrenalini. Aina fulani ya seli nyeupe huipokea na kutoa kemikali nyingine, asetilikolini. Seli zinazotengeneza TNF zikiguswa na asetilikolini hiyo hupunguza uzalishaji. Mawimbi ya ultrasaundi yanaonekana kuuwasha mnyororo huo kwa kuitikisa bandama na neva zake. Kundi la Virginia lilipoukata mnyororo huo sehemu mbalimbali, kwa mfano kwa kuziba vipokezi vya asetilikolini, mawimbi hayakuilinda figo tena. Figo ilinufaika kwa sababu damu iliyoifikia ilikuwa imebeba seli za kinga zilizopoa.

Kwa binadamu je? Zipo dalili za kutia moyo. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi za Feinstein, alipo huyo Tracey, waliripoti kwamba watu wenye afya njema walioelekezewa ultrasaundi kwenye bandama, damu yao ilipochukuliwa na kuchokozwa kwa sumu ya bakteria ndani ya kichupa, ilitoa TNF kidogo kuliko kabla. Na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa kidogo cha umeme kinachopandikizwa shingoni kuichangamsha neva vagasi kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Kwa hiyo njia hiyo ya neva si hadithi. Lakini kifaa kile ni cha umeme na ni cha viungo, na wale wa bandama walikuwa watu wazima wa afya ambao figo zao hazikuwa na neno. Kutoka hapo hadi kusema mgonjwa mwenye kreatinini 1.7 atapona kwa vipindi kumi, mtu amevuka mto bila kuangalia kama daraja limejengwa.

Sasa ulinganishe na mgongo wa mama. Bandama iko upande wa kushoto, juu, imefichwa nyuma ya mbavu ya tisa hadi ya kumi na moja, na kuilenga vizuri kunahitaji mashine ya picha inayoonyesha iko wapi na wapi pafu linaikinga, kwa maana hewa hairuhusu ultrasaundi kupita. Mtu anayesugua mashine ya viungo kiunoni pande zote mbili hailengi bandama, na figo zenyewe hazifikii ipasavyo: sauti inapungua kadiri inavyopita kwenye misuli na mafuta, na mbavu huinywa sehemu kubwa na kuigeuza joto. Panya ni mdogo kiasi kwamba ukimwekea mashine mgongoni umegusa karibu kila kitu kilichomo. Mama si panya.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni wakati. Panya wale walipata mawimbi siku moja kabla ya figo kuumizwa. Ilikuwa kinga. Mama aliumia wiki kadhaa zilizopita. Ndiyo maana nikiulizwa tiba hii inaweza kuanza kutumika wapi, jibu langu ni pale ambapo saa ya hatari inajulikana mapema: kabla ya upasuaji mkubwa wa moyo, kwa mfano, au kabla ya kupandikiza figo. Hakuna anayeweza kutabiri siku ya kuharisha.

Ni kweli pia kwamba zipo maabara zilizoelekeza sauti hafifu kwenye figo zenyewe za wanyama wenye ugonjwa wa muda mrefu na kuona makovu yakipungua. Nayasoma matokeo hayo kwa heshima, na bado ni wanyama.

Utaniuliza, kama haina madhara, kwa nini tusijaribu tu? Nikujibu kwa mfano wa mifupa. Ultrasaundi hafifu ya mapigo, milliwati 30 tu kwa sentimita ya mraba, dakika 20 kwa siku, iliidhinishwa Marekani mwaka 1994 kuharakisha uungaji wa mifupa iliyovunjika. Wanyama walikuwa wamefanya vizuri, tafiti ndogo za watu zilikuwa nzuri, na wagonjwa wengi waliapa kwamba iliwasaidia. Kisha mwaka 2016 yakachapishwa majaribio makubwa ya watu 501 waliovunjika mfupa wa muundi na kufungwa chuma ndani. Baadhi walipewa kifaa halisi, wengine kifaa kilekile kwa sura lakini kisichotoa sauti, na wao wenyewe hawakujua wana kipi. Mifupa iliunga sawasawa. Waliokuwa wakiapa hawakusema uongo: mifupa yao iliunga kweli, ila ingeunga hata bila kifaa.

Mama yuko mahali hapohapo. Kreatinini yake imeshaanza kushuka yenyewe, kutoka 2.3 hadi 1.7. Akianza vipindi leo, na ikifika 1.3 mwezi ujao, sifa zote zitakwenda kwa mashine, na jirani mwenye figo mbovu zaidi ataambiwa aache dayalisisi aje mgongo wake usuguliwe. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mashine yenyewe. Madhara ya moja kwa moja si makubwa sana: ikishikiliwa mahali pamoja inaweza kuunguza ngozi au kuleta maumivu makali juu ya mbavu, na haitakiwi kupitishwa karibu na betri ya moyo, juu ya saratani, juu ya mshipa wenye damu iliyoganda, wala juu ya mimba. Hatari kubwa ni utulivu wa uongo: mama anajisikia ametibiwa, vipimo vinasogezwa, na potasiamu, chumvi ya damuni inayoweza kuvuruga moyo ikizidi, inapanda kimyakimya.

Nirudi kwenye ile ripoti, maana ina habari njema ambazo huenda hazikuelezwa. Figo za mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12 hivi, kwa hiyo 10.4 na 10.6 ni saizi nzuri, hazijasinyaa. Kutokuwa na maji yaliyojaa kunamaanisha mkojo haujazibwa njiani. Kung'aa kidogo kwa gamba ni dalili isiyo na jina: inaweza kutokana na jeraha hili, au kisukari cha miaka mingi. Na usijifariji kupita kiasi kwa ile saizi, kwa kuwa figo za mwenye kisukari zinaweza kubaki kubwa huku zinaharibika. Picha haiwezi kukuonyesha mchochota umebaki kiasi gani. Ili kujua mbivu na mbichi mnahitaji damu na mkojo.

Kwa hiyo wiki hii nendeni mkarudie kreatinini na potasiamu, na mkapime mkojo kuona protini iitwayo albumini. Muombe daktari wake aendelee kurudia hadi namba zitulie, halafu tathmini kamili ifanyike miezi mitatu baada ya tukio, kwa sababu ndipo tunaposema kama figo zimerudi au limebaki tatizo la kudumu. Kuhusu lisinoprili, kama ilisimamishwa msiirudishe wenyewe, na kama hakuambiwa aache msiikatishe wenyewe. Ni dawa inayoweza kuziumiza figo siku ya kuharisha na kuzilinda kwa miaka mingine yote, na mwenye kuamua lini ni daktari aliyeshika namba za leo. Metformini, dawa yake ya kisukari, nayo kipimo chake kinategemea figo zinachuja kiasi gani, na uchujaji ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika huondolewa. Muulize pia kuhusu kundi la dawa za kisukari la dapagliflozini, ambalo limeonyesha katika majaribio makubwa ya binadamu kwamba linapunguza kasi ya kuharibika kwa figo. Mtu anayetaka kitu kipya cha kuzilinda figo za mama aanzie hapo. Na mwambieni daktari awaandikie wazi: siku mama akitapika au kuharisha tena, aache kipi, na arudie lini.

Msisubiri kliniki, mpelekeni hospitali mara moja, mkojo ukipungua sana au kukatika, akianza kuhema kwa shida au kushindwa kulala chali, akivimba miguu au uso kwa haraka, akitapika mfululizo, akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, moyo ukidunda ovyo au misuli kulegea ghafla. Homa pamoja na maumivu ya ubavuni au kiunoni ni maambukizi mpaka ithibitishwe vingine, na hayo yanatakiwa antibiotiki. Msimpitishie mashine juu yake.

Limebaki goti, na ningekuwa nakutania kama ningeliacha, kwa sababu ndilo lililoanzisha yote. Maumivu yakirudi bila mpango, mama atarudi kwenye diklofenaki, na safari ijayo figo huenda zisiwe na uvumilivu. Mwondoeni nyumbani vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote, pamoja na zile dawa za mchanganyiko zisizo na maandishi ya kilichomo. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa figo. Dawa ya kupaka huingia kwenye damu kidogo kuliko kidonge, ila kwa sasa aulize kwanza. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja, akielekezwa na mtaalamu wa viungo, yana ushahidi mzuri na hayagusi figo hata kidogo. Na kama huyo mwenye mashine ana mafunzo halali na mama anaipenda, akimpitishia kwenye goti sina pingamizi, ingawa ushahidi wa faida yake hapo nao ni mwembamba. Kiunoni, hapana.